Fedha Ziko, Je, Zimo?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwalimu wa Kiswahili huifundisha methali hii, na kila mwanafunzi hujibu upesi kwamba yahimiza kuweka hesabu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Daftari peke yake halizuii mali kupotea. Sharti awepo mtu wa kulifungua, mtu wa kuuliza, na mtu wa kujibu. Katika makala haya twapenda kulizungumzia tendo hilo la kuuliza na kujibu juu ya mali ya umma, hasa katika nyakati ambazo hata mwenye daftari hana hakika na kesho. Swali letu ni hili: mbunge anapomwuliza Waziri wa Fedha habari za matumizi ya Serikali wakati uchumi unapoyumba, waziri ana wajibu wa kusema nini, na mbunge ana wajibu wa kuuliza namna gani?

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya wachumi, wala walimu wa lugha hawahusiki. Twamwomba avute subira. Tutajaribu kuonyesha kwamba kiini cha jambo hili ni maadili, na kwamba maadili hayo yamefungwa ndani ya maneno ambayo sisi ndio wenye kazi ya kuyafundisha.

Tuanze na kisa kidogo. Miaka kadhaa iliyopita sisi walimu wachache tulikuwa na chama cha akiba hapa Bujumbura. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa sehemu ya mshahara wake, na mwenzetu mmoja, mtu mwaminifu, tulimfanya mweka hazina. Mwaka ulipokwisha tulikutana. Mzee mmoja kati yetu akauliza, "Mwalimu, fedha zetu zi hali gani?" Akajibiwa, "Fedha ziko, ndugu zangu." Tukapiga makofi, tukanywa chai, tukaagana. Haikupita miezi miwili mtoto wa mwenzetu akaugua, na fedha zikahitajika siku ile ile. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imekopeshwa wanachama wenyewe, nao walikuwa hawajalipa. Mtoto alitibiwa kwa fedha zilizoazimwa kwa jirani. Mweka hazina hakuiba hata faranga moja, wala hakusema uongo. Alisema fedha ziko, na kweli zilikuwako. Lakini hazikuwamo sandukuni.

Tunawafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: -po kwa mahali panapojulikana, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, na -mo kwa ndani. Aghalabu tunavifundisha kwa mifano ya vikombe na meza, kisha tunatoa zoezi na kusahihisha. Kumbe katika viambishi hivyo mna somo zima la uaminifu. Fedha zimo maana yake fedha zi ndani, mkono unaweza kuzishika. Fedha ziko maana yake zipo mahali fulani, labda mbali, labda mikononi mwa mwingine, labda katika matumaini. Mtu anaweza kukaa upande wa kweli kwa herufi na huku akamwacha msikilizaji gizani. Nasi tuliopiga makofi hatukuwa bila lawama, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono na kuuliza: "Je, zimo?"

Sasa tutoke katika chama kidogo twende katika taifa. Mpango wa fedha za Serikali kwa Kiswahili huitwa makadirio ya mapato na matumizi. Neno hili ni la kweli kuliko watu wanavyodhani. Kukadiria ni kupima kitu ambacho bado hakijafika, na anayekadiria hukiri kwamba hajui kikamilifu. Lakini makadirio yakishapigiwa kura huwa sheria, na raia akisikia kwamba kuna sheria inayosema barabara fulani itatengenezwa, yeye husikia ahadi. Na ahadi, sote twajua, ni deni. Basi waziri husimama bungeni akiwa na makadirio mkononi, wananchi husikia ahadi, na fedha zenyewe ni amana ya watu. Mambo haya matatu, makadirio, ahadi na amana, hayafanani, na ugomvi mwingi baina ya mbunge na waziri huzaliwa pale yanapochanganywa.

Katika nchi yetu ya Burundi mazingira ya kuchanganya ni mengi, kwa kuwa mashaka ya uchumi hapa si hadithi. Tangu zamani fedha za kigeni zimetegemea sana kahawa. Mbuni huzaa vizuri mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na bei yake haipangwi Ngozi wala Kayanza, bali katika masoko ya ng'ambo. Mwezi wa Julai 1989, mgawo wa mauzo uliokuwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika, bei iliporomoka ghafula, na wakulima ambao hawakuwa na habari ya mkataba wowote walijikuta na gunia lile lile lenye thamani ndogo. Waziri gani angeweza kuliandika jambo hilo katika makadirio yake?

Kisha kuna misaada. Mwezi wa Machi 2016, baada ya machafuko ya 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa Serikali, na uamuzi huo haukuondolewa mpaka Februari 2022. Mwezi wa Mei 2023 thamani rasmi ya faranga ilishushwa: dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takribani faranga 2,100 ikawa takribani faranga 2,800. Mwezi uliofuata Benki Kuu ilizirudisha noti za faranga 5,000 na 10,000, na watu wakapewa siku chache za kuzibadilisha. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa likakubali mpango wa mkopo wa kama dola milioni 271, wa kutolewa kwa awamu. Nao uhaba wa mafuta katika miaka hiyo na iliyofuata tuliujua sote kwa miguu yetu. Tuliosimama katika mistari ya magari tulilisikia jibu lile lile la mweka hazina wetu: mafuta yako njiani. Yako, lakini hayamo.

Mbele ya hali kama hii, mbunge ana haki ya kuuliza. Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria na kuzichunguza kazi za Serikali, na inawaruhusu wabunge kuwauliza mawaziri kwa mdomo au kwa maandishi. Katika jumba la Kigobe, ambamo Bunge la Taifa limekuwa likikutana kwa miaka mingi, kuuliza huko hufanyika. Wanafunzi wetu hufurahia sana jambo moja kuhusu jina la Bunge hilo. Kwa Kirundi huitwa Inama Nshingamateka, nayo amateka ni sheria. Lakini kwa Kiswahili mateka ni mtu aliyekamatwa vitani. Huo ni utani wa maneno tu, kwani lugha hizi ni ndugu na ndugu hupishana. Walakini utani huo una funzo. Mbunge asiyeuliza, au anayeuliza akiwa tayari ameridhika na jibu lolote, si mweka sheria tena. Amekuwa mateka kwa maana ya Kiswahili.

Ili tuone kuuliza kunavyokuwa kugumu, tufuate ufuko wa ziwa letu la Tanganyika kuelekea kusini mpaka nchi jirani. Mwezi wa Aprili 2018, Bwana Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Mjini, alijitokeza hadharani na hoja iliyotokana na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania kwa mwaka wa fedha 2016/17. Kwa mujibu wa hoja hiyo, mapato yalikuwa kama shilingi trilioni 25.3 na matumizi kama trilioni 23.79. Akauliza: trilioni 1.51 zilizobaki zi wapi? Swali lilikuwa jepesi kiasi cha kufahamika na muuza samaki wa Kigoma, na kwa sababu hiyo lilienea nchi nzima.

Serikali ilijibu bungeni Dodoma kwa kinywa cha Naibu Waziri wa Fedha, Dkt. Ashatu Kijaji. Alieleza kwamba shilingi bilioni 697.9 zilitumika kulipa dhamana za Serikali zilizoiva. Kwamba bilioni 687.3 zilikuwa mapato tarajiwa, yaani fedha ambazo Serikali inazidai lakini bado haijazipokea. Na kwamba bilioni 203.92 zilikusanywa kwa niaba ya Zanzibar. Nyuma ya maelezo hayo palikuwa na badiliko la utaratibu. Hesabu za zamani ziliandika fedha siku zilipotiwa mkononi. Hesabu za mtindo mpya huziandika siku haki ya kuzidai inapopatikana. Mkaguzi naye aliendelea kulipitia suala hilo katika taarifa ya mwaka uliofuata.

Hatuandiki haya ili tuamue nani alishinda. Sisi si wakaguzi wa hesabu. Tunachotaka msomaji atazame ni neno mapato. Kwa mwananchi, mapato ni kile kilichopatikana. Kitenzi chenyewe chasema hivyo. Kwa mhasibu wa mtindo mpya, mapato yaweza kuwa kile ambacho kina haki ya kupatikana. Mapato tarajiwa ni fedha ziko. Mapato ya mwananchi ni fedha zimo. Swali liliulizwa kwa lugha moja na jibu likatolewa kwa lugha nyingine, ingawa pande zote mbili zilizungumza Kiswahili sanifu kisicho na kosa. Na yafaa tujiulize: ikiwa maelezo hayo yalikuwako tangu mwanzo, kwa nini yangoje kelele ndipo yatolewe? Vilevile: ikiwa tofauti ya hesabu ina maelezo zaidi ya moja, je, mwulizaji hana wajibu wa kuwaambia wasikilizaji kwamba pengo katika daftari bado si ushahidi wa wizi?

Mwaka uliofuata neno jingine la Kiswahili lilizua msukosuko mkubwa zaidi. Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, alikuwa amehojiwa na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, na katika kueleza kwa nini mambo yanayoibuliwa na ukaguzi hayafanyiwi kazi ipasavyo, aliutaja udhaifu wa Bunge. Mwezi wa Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Yeye alieleza kwamba dhaifu na udhaifu ni maneno ya kawaida katika lugha ya wakaguzi. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Sisi walimu tunaelewa jinsi neno moja linavyoweza kuwa na maana mbili: udhaifu wa mkaguzi ni kasoro inayorekebishika, na udhaifu wa mtaani ni tusi kwa mwanamume. Lakini tukiliacha neno na kutazama jambo, twaona hatari iliyo wazi. Wenye kazi ya kuuliza walimkasirikia yule anayewapa maswali. Penye hasira ya namna hiyo daftari hubaki limefungwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Waziri anapoulizwa habari za mwaka ambao hana hakika nao, aseme nini? Maoni yetu ni kwamba anawajibika kuzigawa fedha mafungu matatu mbele ya wasikilizaji. Kwanza, zile zilizomo, ambazo anaweza kuzionyesha leo. Pili, zile ziliko, yaani zinazodaiwa, zilizoahidiwa au zinazotarajiwa, huku akitaja ziko kwa nani na zinategemea nini. Tatu, zile ambazo hajui, na hapa aseme kwa kinywa kipana: hatujui. Neno hatujui si aibu. Mkulima hulisema kila anapopanda, na hakuna anayemwita mzembe ikiwa ameandaa shamba lake. Aibu ni kulificha hatujui ndani ya tarakimu yenye nukta na desimali, ili ifanane na ujuzi.

Naye mbunge anawajibika kuuliza kwa namna inayoacha nafasi ya jibu hilo. Waziri akikiri kwamba hajui bei ya kahawa itakuwaje, kisha akazomewa, mwaka ujao hatakiri tena. Ataleta tarakimu nzuri, na Bunge zima litakuwa limemfundisha kusema uongo. Sisi walimu tunalijua jambo hili darasani. Mtoto anayechapwa kila anaposema "sijui" hujifunza upesi kubahatisha kwa sauti kubwa.

Kuna pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzikabili. Ya kwanza ni nzito. Yasemwa kwamba mambo ya fedha yana siri ya lazima. Waziri au gavana wa Benki Kuu akitangaza leo kwamba mwezi ujao thamani ya faranga itashushwa, basi kesho asubuhi kila mwenye faranga atakimbilia dola, bidhaa zitafichwa ghalani, na maskini wasio na cha kukimbilia ndio watakaoumia kwanza. Hoja hii ni ya kweli, na hatuwezi kuipuuza. Yawezekana kabisa kwamba waziri mwema, akiulizwa swali la wazi siku moja kabla ya uamuzi huo, atalazimika kunyamaza. Lakini kunyamaza si sawa na kusema kinyume. Tena siri ya namna hii ina siku yake ya kwisha, kama mimba. Siku hiyo ikifika, hesabu itolewe: kwa nini ilifanyika, nani alipata, nani alipoteza, na nini kimewekwa kwa ajili ya waliopoteza. Siri inayolinda amana ya watu hufunguliwa na mwenyewe. Siri inayomlinda mtunza amana husubiri kufunguliwa na wengine.

Pingamizi ya pili ni kwamba wananchi hawaelewi mambo haya, kwa hiyo hakuna faida ya kuwaeleza. Hii hatuikubali. Mama anayeuza ndagala wakavu Buyenzi hukadiria kila siku. Hupima mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka wavuvi wa taa hupata haba. Hupima bei ya usafiri. Hupima deni la mteja wake na tabia ya mteja mwenyewe. Anajua tofauti ya ziko na zimo kuliko wengi wenye shahada. Kinachomzuia ni lugha. Sheria ya bajeti yetu huandikwa kwa Kifaransa, mazungumzo ya wabunge huwa kwa Kirundi, na sokoni kwake biashara huenda kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo tatu tarakimu husafiri bila maelezo yake, kama mzigo uliopoteza barua.

Na anayeona kwamba watu wakinyimwa maelezo watanyamaza, atazame yaliyotokea Kenya mwaka 2024. Muswada wa fedha wa mwaka huo ulipingwa barabarani na vijana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge Nairobi, damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Maswali yale yale yangeweza kusikilizwa ndani ya ukumbi kwa gharama ndogo zaidi. Swali la haki halifi kwa kukosa jibu. Hubadilisha mahali pa kuulizwa tu.

Ndugu walimu, hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Hatuwezi kumfundisha waziri, wala si kazi yetu kumfundisha mbunge. Lakini watakaokuwa wabunge na mawaziri baada ya miaka thelathini wamo madarasani mwetu leo, na hao tunaweza. Tunapofundisha viambishi vya mahali, tuwape na mfano wa fedha pamoja na ule wa vikombe. Tunapofundisha msamiati wa uchumi, yaani nakisi, ruzuku, dhamana, mapato tarajiwa, tusiridhike na tafsiri ya neno kwa neno. Tumtake mwanafunzi alieleze neno hilo kwa bibi yake, na bibi akielewa ndipo tumpe alama. Tunapofanya mdahalo, tusiwasifu tu wajibuji hodari. Tumsifu pia mwanafunzi aliyeuliza swali fupi lisilo na matusi ndani yake, na yule aliyejibu "sijui, lakini nitatafuta, na nitaleta jibu Ijumaa", kisha Ijumaa akalileta.

Tukihitimisha, kile chama chetu cha akiba hakikuvunjika. Mweka hazina wetu aliomba radhi, nasi tukamwomba radhi yeye, kwa sababu tulimwachia mzigo wa kujibu swali ambalo hatukuliuliza sawasawa. Tangu siku hiyo kila mkutano wa mwisho wa mwaka huanza kwa maswali matatu, nayo huulizwa na mwanachama mdogo kuliko wote: Zimo ngapi? Ziko ngapi, na kwa nani? Zipi hatuna hakika nazo? Jibu la swali la tatu aghalabu ndilo refu zaidi. Hatupigi makofi upesi kama zamani, na chai hupoa mezani kabla hatujamaliza.